Kupima urahisi wa programu za simu kwa wenye magonjwa sugu, Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyaokota kwa wasanidi, wauguzi na wanafunzi wa vyuo ambao hutuuliza yaleyale kila tukikutana. Tumeyapa nambari ili jibu moja likuelekeze kwa jingine badala ya kurudia. Tukisema "programu" tunamaanisha ya simu, inayomsaidia mtu mwenye presha, sukari, pumu, kifafa, virusi vya ukimwi au ugonjwa mwingine wa kuishi nao miaka mingi.

## Mambo ya msingi

1. Kupima urahisi wa matumizi ni kufanya nini hasa?

Ni kumkalisha mtu ambaye programu imetengenezewa yeye, kumpa simu na shughuli ya kweli, kisha kunyamaza na kutazama. Shughuli yenyewe ni kama hii: "Asubuhi umejipima sukari ukapata 9.4. Iweke humu." Humwelekezi. Unaandika alipokwama, alipogusa pasipogusika, alichosema, muda aliotumia, na kama alimaliza.

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotoka 1998 na kurekebishwa 2018, kinataja mambo matatu: je, mtu anafikia alichokusudia; anatumia muda na nguvu kiasi gani; na anaridhika? Kwa programu za afya sisi huongeza la nne: akikosea, kosa hilo linaweza kumdhuru?

2. Kuna tofauti gani na utafiti wa kitabibu?

Utafiti wa kitabibu huuliza kama presha imeshuka. Huu wetu huuliza kama mtu ameweza kuiandika presha yake. Programu inaweza kufaulu hapa ikafeli kule. Lakini mgonjwa aliyeshindwa kuufungua ukurasa wa dawa hana namna ya kufaidika nao, kwa hiyo anza na huu.

3. Kwa nini tusiipime kama programu ya kuagiza chakula?

Kwa sababu ya mwili wa anayeitumia. Kisukari kikikaa sana huathiri macho, na huweza kufanya vidole vife ganzi. Wengi wa wagonjwa hawa ni watu wazima ambao miwani yao imeachwa nyumbani. Mwongozo wa Android unataka kila kitu cha kuguswa kiwe na angalau vipimo 48 vya skrini, karibu milimita 9, na viwango vya ufikivu vya wavuti vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa mno na wabunifu vijana, hakifiki hapo. Toka nacho nje saa sita mchana uone kama unasoma kitu.

Pili, namba zina madhara. Hapa kwetu mashine nyingi za sukari husoma kwa milimoli, Marekani kwa miligramu, na tofauti ni kuzidisha kwa 18. Yaani 7 ya huku ni 126 ya kule. Programu iliyoletwa kutoka nje ikiachwa kwenye miligramu, mtu akaandika 7, itapiga kelele kwamba yuko karibu kuzimia. Tulimwona mzee mmoja akibadilisha namba yake mpaka programu "ikubali". Alifikiri kosa ni lake.

Tatu, hutumiwa kila siku kwa miaka. Kero ya sekunde kumi inayovumilika ukiagiza pilau mara moja kwa wiki itamfanya mtu aifute programu kabla mwezi haujaisha.

4. Tuanze lini?

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Chora skrini kwenye karatasi, kila skrini karatasi yake, mtu "abofye" kwa kidole na wewe ubadilishe karatasi. Watu huikosoa karatasi kwa urahisi kuliko wanavyoikosoa simu inayong'aa, kwa sababu inaonekana wazi kwamba haijagharimu mtu pesa.

## Washiriki

5. Watu wangapi wanatosha? Tumesikia watano.

Watano hao wanatokana na hesabu ya watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya 1993. Walikadiria kwamba mshiriki mmoja hufichua karibu asilimia 31 ya kasoro. Ukiwa na watano unafika karibu asilimia 85, na wa sita anaanza kurudia ya wenzake.

Wanaoitaja hesabu hii husahau sharti lake. Ile 31 ni wastani wa miradi waliyoichunguza wao. Kama kasoro yako inampata mtu mmoja kati ya kumi tu, watano wana nafasi ya asilimia 41 kuiona. Tena watano ni wa kundi moja. Muuguzi wa kliniki, mama wa miaka 62 wa Kayole na kijana wa chuo mwenye sukari ya utotoni si kundi moja.

Sisi hufanya hivi: watano, rekebisha, watano wengine, rekebisha, watano tena. Ni bora kuliko kumi na watano kwa mpigo, maana kasoro kubwa ya mwanzo huwazuia wote wasiione ile iliyo nyuma yake. Kwa kifaa kinachohitaji idhini rasmi, tazama swali la 23.

6. Tuwapate wapi?

Siku za kliniki ya sukari na presha kwenye hospitali za umma watu hukaa foleni tangu alfajiri, na huko ndiko kila mtafiti hukimbilia. Tahadhari: aliye kwenye foleni hana uhuru wa kukukatalia, na anaogopa jina lake litaitwa akiwa kwako. Mwandikishe hapo, kikao kifanyike siku nyingine.

Njia tunayoipenda ni vikundi vya wagonjwa wenyewe na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 serikali imewapa simu na vifaa vya kazi. Wanajua nyumba ya nani ina mgonjwa. Waombe wakuletee pia wale wasiopenda simu, la sivyo watakuletea hodari wao watupu.

7. Mtu anayetumia simu ya mwanawe, au mwenye kabambe (simu ndogo ya vitufe), tumwache?

Usimwache bila kujua ni wangapi kama yeye. Mwenye kabambe hawezi kuweka programu yako, na huo wenyewe ni ugunduzi: pengine unachohitaji ni ujumbe mfupi au menyu ya nyota na reli, ile ya kupiga * na # (swali la 22). Anayeazima simu ni mtumiaji kamili. Mpime akiwa na huyo anayemwazima, na uangalie kinachotokea ukumbusho wa dawa unapolia mwenye simu akiwa kazini Industrial Area na mgonjwa akiwa nyumbani Mathare.

8. Tuwalipe?

Ndiyo. Nauli ya kwenda na kurudi, na malipo ya muda wao, kiasi kilekile kwa wote, na apewe hata akiacha katikati. Tuma kwa M-Pesa, na uongeze ya kutoa. Usiseme "tutakupa kitu kidogo". Tuliwahi kusema hivyo na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kiasi kisiwe kikubwa cha kumfanya mtu adanganye kwamba ana kisukari. Limetokea.

## Vibali na siri

9. Lazima tupate kibali cha kamati ya maadili?

Ukitaka kuchapisha matokeo, au unawapata watu kupitia hospitali, au unagusa rekodi zao za matibabu, ndiyo. Kuna kamati zilizoidhinishwa, zikiwamo ya Hospitali ya Kenyatta pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, ya KEMRI na ya Amref. Baada ya hapo unaomba leseni ya utafiti kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukiingia kliniki ya kaunti, idara ya afya ya kaunti nayo itataka barua. Panga miezi, si wiki.

Kampuni inayoboresha programu yake yenyewe bila nia ya kuchapisha mara nyingi haipiti njia hiyo. Ridhaa iliyoandikwa, hata hivyo, haina msamaha. Asiyesoma asomewe kwa sauti kwa lugha yake, na shahidi asiye mtu wako atie sahihi karibu na alama ya kidole gumba.

10. Tukirekodi video, sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Eleza unarekodi nini, kwa nini, itakaa wapi na itafutwa lini. Data ikivuja, na uvujaji huo ukawa wa hatari kwa wenyewe, una saa 72 tangu ulipojua kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa vitendo, elekeza kamera kwenye mikono na skrini, si usoni. Mikono inatosha; swali la 14 linaeleza kwa nini. Mpe mshiriki namba za kubuni za kuandika badala ya sukari yake halisi. Na usizitume klipu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi "ili wote waone". Hilo ndilo tundu tunaloliona mara nyingi zaidi.

## Siku ya kikao

11. Wapi?

Mahali anapoijua njia: ukumbi wa kanisa, chumba cha kikundi cha akina mama, nyumbani kwake akipenda. Ofisi yenye viti vya kuzunguka na kiyoyozi huwafanya watu wavae nguo za Jumapili na kuongea Kiingereza. Kliniki nayo ina kasoro yake: mtu akiliona koti jeupe hujibu kama mgonjwa, si kama mtumiaji. Muuguzi asiwepo chumbani.

12. Simu yetu au yake?

Yake. Raundi yetu ya kwanza tulitumia simu mpya ya ofisi yenye intaneti ya waya, kila mtu akapita. Raundi ya pili, kwenye simu zao, kibodi ilifunika kitufe cha kuhifadhi kwa sababu maandishi ya simu yalikuwa yamekuzwa. Watu wanne kati ya sita hawakuweza kumaliza. Kwa miezi tulikuwa tukijisifu kwa programu ambayo wenyewe hawakuweza kuitumia.

Simu yake ina hali zake zote: kioo kilichopasuka, nafasi iliyojaa picha za vikundi, bando lililoisha, betri iliyo kwenye kuokoa nguvu ambayo huua vikumbusho kimyakimya. Mpe bando la kikao, lakini jaribu pia kulizima katikati uone programu inasema nini. Ikisema "hitilafu 503", umepata kasoro nyingine.

13. Tuwape shughuli gani?

Tano au sita, si zaidi. Dakika 45 zikipita mtu wa sukari ana njaa. Ziwe hadithi, na zisitumie neno lililo kwenye kitufe. Ukisema "weka ukumbusho" na kitufe kimeandikwa "Weka ukumbusho", umepima macho tu. Sema: "Daktari amekubadilishia dawa ya presha, sasa ni kidonge kimoja usiku badala ya viwili. Fanya programu ijue." Shughuli moja iwe ya kurekebisha kosa, na moja iwe ya kumwonyesha daktari rekodi za mwezi, maana hapo ndipo programu nyingi huishiwa pumzi.

14. Mshiriki anasema "iko sawa" kwa kila kitu. Tufanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa maoni yetu ndilo linaloamua kama vikao vyenu Nairobi vina thamani au ni kunywa chai tu. Umemwalika mtu, umemlipia nauli, umemwita mama. Kukuambia kazi yako ni mbovu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo atahangaika dakika nne, atakwama, atakurudishia simu na kusema, "Iko sawa kabisa, mmefanya kazi nzuri, Mungu awabariki." Ukiandika "ameridhika", umeandika adabu yake.

Soma mikono. Kidole kinachoelea juu ya kioo bila kutua kinauliza swali. Simu inayosogezwa karibu na uso ni maandishi madogo. Anayerudi mwanzo mara tatu amepotea, hata akitabasamu. Anayekutazama wewe badala ya skrini anaomba msaada. Haya yote huja kabla ya neno "sawa", na hayana adabu wala utovu wa adabu.

Kisha badilisha maneno yako. Mwanzoni sema: "Mama, hii programu sikuitengeneza mimi. Ukiikosoa hukumkosea mtu, na ukikwama ujue ni programu imekosea." Ili usiwe uongo, kikao kweli asikisimamie aliyeitengeneza programu. Usiulize "umeipenda?" Uliza kuhusu mtu wa tatu: "Jirani yako mwenye presha akiichukua leo, ni wapi itamsumbua?" Jirani huyo atasumbuliwa na mengi ajabu.

Mbinu nyingine ni kumfanya mwalimu. "Dada yako yuko Machakos, ameweka programu hii sasa hivi, yuko kwenye simu. Mwelekeze aandike presha yake." Mtu aliyesema iko sawa ataanza, "Bonyeza hiyo... hiyo alama kama... ngoja kwanza," na hapo kikao kinaanza upya.

Vitabu vinashauri mshiriki aseme kwa sauti kila anachofikiri. Kijana wa chuo atakufanyia. Shosho wa miaka 70 ataona unamfanya aongee peke yake kama mtu aliyechanganyikiwa. Waweke wawili waliozoeana, simu moja kati yao. Watabishana, na mabishano ni kufikiri kwa sauti bila kulazimishwa.

15. Kiswahili, Kiingereza au Sheng?

Vikao viendeshwe kwa lugha anayoamkia mshiriki, ukichanganya atakavyochanganya yeye. Maandishi ya programu ni jambo lingine, na hapo tafsiri ya mezani huumbuka.

Mfano tunaousimulia kila mara: programu iliyokuwa na visanduku viwili, kimoja "Presha ya juu" na kingine "Presha ya chini", vya kuandikia namba mbili za kipimo. Mama mmoja alisoma cha kwanza, akasema, "Ndiyo, ninayo," akatafuta mahali pa kuweka alama ya vema. Kwake, na kwa Nairobi nzima, presha ya juu ni ugonjwa. Ilibidi kuweka picha ya uso wa mashine, yenye namba mbili, na kishale kwa kila moja.

"Shinikizo la damu" linaeleweka redioni, lakini mtu huugua presha. "Wasilisha" liliwafanya wawili waulize ofisi iko wapi; "Tuma" halikumsumbua yeyote. Halafu kuna maneno kama "Mipangilio", Kiswahili safi ambacho wengi hawajawahi kukiona kwenye simu, kwa kuwa simu zao ziko kwa Kiingereza. Hatuna kanuni. Tunaandika maneno matatu kwenye kadi na kuuliza: ukigusa hili, unatarajia nini kitokee?

Sheng tunaiacha nje ya vitufe. Inabadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na mzee wa presha hataki simu imwongeleshe kama makanga.

16. Kwa nini mnasisitiza kupima saa?

Kwa sababu ya saa sita za tofauti. Mtu anayesoma "8:00" kwenye skrini yake atakuambia bila kusita ni saa mbili. Sasa programu iliyotafsiriwa na mtu wa haraka ikiandika au kutamka "kunywa dawa saa nane", ataielewa saa nane kweli, yaani saa sita baadaye. Tumeona pia kisanduku cha Kiswahili kinachouliza "saa ngapi?" mshiriki akaandika 2:00 akimaanisha asubuhi baada ya chai. Ukumbusho ungelia usiku wa manane.

Kinachofaulu zaidi ni kuacha tarakimu kama zilivyo kwenye saa ya simu, na kando yake kuweka wakati wa siku: asubuhi kabla ya chai, usiku kabla ya kulala. Pima kwa kumwambia: "Daktari amesema saa tatu usiku." Kisha angalia atakachoweka.

## Kupima kwa namba

17. SUS ni nini na inahesabiwaje?

Ni dodoso la sentensi kumi lililobuniwa na John Brooke 1986, linalotumiwa duniani kote. Kila sentensi hujibiwa kwa 1 hadi 5, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Sentensi za namba witiri husifu, za shufwa hulaumu. Kwa za witiri toa 1 kwenye jibu. Kwa za shufwa toa jibu kutoka 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Unapata alama kati ya 0 na 100. Si asilimia, ingawa inafanana nayo. Wastani unaotajwa kwa kawaida ni 68.

18. Tumepata SUS ya 50 kamili kwa watu wengi. Programu ni mbaya hivyo?

Kabla ya kuhuzunika, angalia karatasi. Mtu aliyejibu namba moja ileile kwa sentensi zote kumi hupata 50 daima, hata akiweka 5 kila mahali. Fanya hesabu uone. Mshiriki mwenye adabu wa swali la 14 hukubali kila kitu, ikiwamo sentensi inayosema programu ni ngumu bila sababu, na alama yake inakuwa 50 safi. Karatasi za namna hiyo zinakueleza kuhusu dodoso, si kuhusu programu.

Soma sentensi kwa sauti, moja moja, na kwa zile za kulaumu uliza "kwa nini?" baada ya jibu. Kile kipimo cha 1 hadi 5 tunakichora kwa nyuso au kwa glasi za maji, kutoka tupu hadi kujaa. Tukipungukiwa na muda, SUS ndiyo ya kwanza kuachwa.

19. Na hizo MARS na MAUQ?

MARS, fomu ya kuzipa alama programu za afya, ilitoka Australia 2015, ina vipengele 23, na ilikusudiwa wataalamu wanaolinganisha programu za afya. Ina toleo jepesi kwa watumiaji. MAUQ ni dodoso la 2019, limeandikwa mahususi kwa programu za afya za simu, kwa hiyo sentensi zake ziko karibu zaidi na unachopima wewe. Ukifasiri yoyote kwa Kiswahili, mtu mwingine asiyeiona ya asili airudishe kwa Kiingereza, mlinganishe.

20. Tuna kasoro arobaini. Tuanze na ipi?

Kwanza zote zinazoweza kumfanya mtu ameze dawa vibaya au apuuze dalili, hata kama imempata mmoja tu. Zilizobaki zipange kwa kipimo cha Nielsen, 0 kwa isiyo kasoro hadi 4 kwa janga, mkiandika kila mtu peke yake kabla ya kulinganisha. Rangi ya nembo iwe ya mwisho, hata kama bosi ndiye aliyeilalamikia.

## Hali za pembeni

21. Mshiriki ameanza kutetemeka na kutoka jasho katikati ya kikao.

Simamisha. Kama ana kisukari, fikiria sukari imeshuka; chini ya 4 kwenye mashine ya milimoli ni hatari. Akiwa macho na anameza, mpe nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, apime tena. Akishindwa kumeza usimtie kitu mdomoni, hospitali. Soda na sukari viwe mezani kabla hajafika, pamoja na namba ya kituo cha afya cha karibu.

Presha nayo: akijipima ikasoma 180 kwa 120 au zaidi, apumzike dakika tano apime tena. Ikibaki hapo, kikao kimeisha, aonwe na daktari. Kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au macho kuona giza, usisubiri hizo dakika tano. Usimpe ushauri wa dawa. Wewe ni mtu wa programu.

22. Menyu ya nyota na reli, au ujumbe mfupi, hupimwa hivyo hivyo?

Karibu. Menyu ina muda, hukatika mtu akiwa anatafuta miwani, kwa hiyo pima mara ngapi imekatika. Ujumbe mfupi upime kwa siku kadhaa kwenye simu yake.

Ukidhani ni teknolojia ya wanyonge, kumbuka jaribio la WelTel lililofanywa Kenya, baadhi ya kliniki zake zikiwa hapa Nairobi, likachapishwa katika jarida la Lancet 2010. Wagonjwa 538 wanaoanza dawa za virusi vya ukimwi waligawanywa, nusu wakapokea kila wiki ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema shida au aliyenyamaza alipigiwa simu. Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa ipasavyo, dhidi ya 50 ya wenzao. Ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa, kwa hiyo mwenye simu ya kuazima hakujua siri ya mgonjwa. Na "sawa" hapo ilikuwa na maana, kwa sababu "shida" ilikuwa kando yake na kulikuwa na mtu wa kuipokea.

23. Tunataka kuuza nje. Watano watatosha?

La. Programu ikihesabiwa kuwa kifaa cha tiba, kwa mfano inayokokotoa kipimo cha insulini, utakutana na kiwango cha IEC 62366-1, cha kimataifa cha urahisi wa kutumia vifaa vya tiba. Mamlaka ya Marekani, FDA, katika mwongozo wake wa 2016 inapendekeza angalau watu 15 wa kila kundi la watumiaji kwenye jaribio la mwisho. Wale watano wa swali la 5 ni wa kutafuta kasoro. Hawa ni wa kuthibitisha usalama.

24. Mama amekuja na mwanawe anayemjibia kila kitu.

Usimfukuze. Pengine ndiye aliyeiweka programu na ndiye anayenunua bando, kwa hiyo naye ni mtumiaji. Mpe kikao chake baadaye, na kwa sasa mpe kiti nyuma ya mama, si kando. Mkono wake ukinyooka kushika simu, andika ni kwenye skrini gani.

25. Ramadhani hubadilisha chochote?

Hubadilisha shughuli moja muhimu. Pumwani, Eastleigh na South C utapata wagonjwa ambao, baada ya kushauriana na daktari, huhamishia dawa kwenye daku na futari. Wape shughuli hiyo: hamisha ratiba kwa mwezi mmoja, kisha irudishe. Programu nyingi humlazimisha mtu afute kila ukumbusho na kuanza upya, mara mbili. Usipange vikao vya mchana vya saa nzima mwezi huo.

26. Mshiriki amepiga simu baada ya mwezi, anataka video yake ifutwe.

Ifute, bila kumuuliza sababu. Pamoja na ile asili kuna nakala kwenye kompyuta ya aliyekata klipu, kuna iliyo kwenye slaidi za wafadhili, kuna ya kundi la WhatsApp tulilokukataza kwenye swali la 10. Maelezo yasiyo na jina yanaweza kubaki ikiwa fomu ya ridhaa ilisema hivyo. Ukimaliza, mtumie ujumbe kwamba imefutwa, na nauli usiidai.